Naomba ushauri: sproketi ya baiskeli ndefu ya tairi moja inajifungua

Habari za jioni wakuu. Nipo Mwanza, Nyakato. Nimeunda baiskeli ya tairi moja, ile ndefu wanayoiita twiga. Kiti kipo futi 5 kutoka chini, pedeli zipo juu, cheni inashuka hadi kwenye ringi ya inchi 20. Meno ya sproketi (gia inayoshika cheni) ni 16 juu na 16 chini, hivyo pedeli zikizunguka mara moja, tairi nalo linazunguka mara moja.

Kwenda mbele haina neno. Shida ni kurudi nyuma. Aina hii haina frii (ile inayoacha tairi lizunguke pedeli zikiwa zimetulia), na yangu haina breki, unajizuia kwa miguu tu. Nilitumia habu (kitovu cha tairi) ya baiskeli ya kawaida, sproketi nikaikaza kwenye nyuzi za frii. Ukikanyaga mbele inazidi kukaza, ukikanyaga nyuma inajifungua. Juzi viwanja vya Furahisha ililegea ghafla, pedeli zikawa hazishiki kitu, nikaruka. Namshukuru Mungu nilichubuka kiganja tu.

Fundi wangu anataka kuichomelea kwenye habu moja kwa moja. Nasita, maana moto unaweza kupinda habu na kuharibu njia za gololi, halafu meno yakiisha nitabadilishaje? Mwingine kasema nitafute habu yenye nati ya pili ya kufungia, yenye nyuzi za kinyume. Hapa Mwanza nitaipata wapi, hata mtumba?

Na cheni ilegee kiasi gani? Yangu inacheza upana wa kidole. Aliyewahi kuunda anielekeze tafadhali, Jumamosi naipeleka kwa fundi.