Re: Bibi na mjukuu Istanbul, halafu theluji ya Uludağ

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Kikuyu, Dodoma

Mbukwenyi wote, mlioko nje na mliorudi.

Mwezi wa pili naenda Uturuki kumwona binti yangu anayemalizia masomo Ankara. Viza ninayo, tiketi ya Dar hadi Istanbul ninayo. Naongozana na mjukuu wa miaka kumi na moja, na tangu asikie habari za safari ana neno moja tu mdomoni: theluji. Mimi nautaka mji wenyewe. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba Konstantinopoli, ndiyo Istanbul ya leo, ilianguka mwaka 1453, nimesahihisha jibu hilo kwa kalamu nyekundu hadi nimestaafu, na sijawahi kuuona.

Tuna siku tano kabla ya kuelekea Ankara. Naambiwa karibu na Istanbul kuna mlima wa kuteleza, unaitwa Uludağ. Goti langu la kulia halitaki utani. Vyote viwili vinawezekana, au nimwonyeshe mtoto barafu ya kwenye friji yaishe?

---

Kutoka: Kaka wa Stuttgart

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, theluji ni Alps. Uturuki watu wanakwenda kula.

---

Kutoka: Mimi wa Makulu, zamani Bursa

Shikamoo mwalimu. Wa Stuttgart msamehe bure, Alps ni viza nyingine na mfuko mwingine. Mimi nilisoma Bursa miaka minne, na niliporudi Kituruki changu kikanipatia kazi ya ukalimani kwa mafundi wa reli yetu ya umeme, wale waliokuwa upande wa Makutupora. Ni Waturuki waliokuja kuona vumbi letu, kwa hiyo si vibaya na sisi tukaone theluji yao.

Huyo aliyekuambia Uludağ iko karibu na Istanbul amekupunguzia safari. Mlima uko juu ya mji wa Bursa, kilomita 150 hivi kwa barabara. Istanbul wanauza matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Usinunue. Mnaondoka giza, mnarudi giza, katikati mnasimamishwa kwenye duka la peremende na duka la ngozi, na juu mnapewa saa chache za kukimbizana. Mjukuu atasinzia, goti litavimba. Lala Bursa usiku mbili, tena mjini, chini. Hoteli za mlimani msimu wa theluji ni za watu wenye kampuni.

Sasa nikuambie kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia. Watu wote watakutisha na baridi. Baridi haina shida, baridi inavaliwa. Shida ni upepo.

Sisi wa Dodoma upepo tunaujua, ule wa Julai unaokwangua midomo. Wa kule una jina, lodos, na unatoka kusini-magharibi. Katikati ya majira ya baridi unakuja na joto, unafikiri Mungu kakuhurumia, kumbe ukivuma mambo matatu yanaharibika kwa mkupuo: boti za Bahari ya Marmara zinafutwa, teleferik inasimamishwa, na theluji inaanza kuyeyuka. Teleferik ndiyo vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya kupanda mlimani. Ya kwanza Bursa ilifunguliwa mwaka 1963, na hii mpya tangu 2014 inafika hadi eneo la hoteli, karibu kilomita 9 za waya. Chini kuna misitu ya michesnati, halafu misonobari, halafu dunia yote inakuwa nyeupe. Masikio yataziba, mtoto atafune kitu.

Mwaka wangu wa kwanza tulipanda Jumamosi, vijana sita, hakuna aliyeangalia hali ya hewa. Saa nane mchana upepo ukaja, teleferik ikafungwa, na umati wote uliopanda kwa waya ukawa unagombania vibasi vidogo vya kushuka kwa barabara. Tukajificha kwenye sebule ya hoteli moja, wakatutoza chai kwa bei ya sahani ya nyama kwa kosa la kukalia viti vyao. Tulifika Bursa usiku wa manane, mmoja wetu amepoteza glavu na mwingine amepoteza rafiki wa kike, lakini hiyo si ya kuiandika mbele ya mwalimu.

Kwa hiyo tenga asubuhi mbili za mlima, si moja. Angalia utabiri usiku wa kuamkia. Kama shwari, panda na teleferik ya kwanza, uwe umeshuka kabla ya alasiri. Kama upepo upo, siku hiyo ni ya Bursa na wala hujapunjwa: ndiyo ilikuwa makao makuu ya Waosmani baada ya kuiteka mwaka 1326, kabla ya hiyo 1453 yako. Ingia Ulu Cami, msikiti wenye kuba 20 na chemchemi ya kutawadhia katikati ya ukumbi. Kisha Koza Han, jengo la wafanyabiashara wa hariri la mwaka 1491, kaa uani unywe chai. Kula iskender papo hapo inakotoka: nyama ya kondoo juu ya mkate, pembeni mtindi, halafu mhudumu anakuja na kikaango cha siagi ya moto na kuimwagia mbele ya macho yako. Mgogo hawezi kukataa nyama na mtindi.

Mavazi: usinunue suti ya kuteleza. Nenda Sabasaba kwenye mitumba, yale majaketi mazito ambayo Dodoma hakuna anayeyagusa, chagua lisilopitisha maji. Suruali za theluji na buti mtakodi kule kule. Jinzi acheni nyumbani, ikilowa inageuka bati. Soksi za sufu, miwani ya jua (mwanga unarudi kutoka chini, unachoma hata ngozi zetu), na mafuta ya mgando ya midomo.

Mtoto mkodishie kigari cha kutelezea kwanza. Skii zenyewe zinataka mwalimu na siku zaidi ya moja. Wewe shuka Sarıalan, kituo cha kabla ya hoteli: unanunua nyama kwa kilo, unapewa jiko la mkaa, unachoma mwenyewe. Nyama choma kwenye theluji, mwalimu. Goti halihusiki.

---

Kutoka: Dada wa Ankara

Mama, shikamoo. Aliyosema kaka wa Makulu ni kweli tupu, naongeza kidogo.

Usije kabla shule za huku hazijafunguliwa. Zinafungwa wiki mbili mwishoni mwa Januari, wakati mwingine hadi Februari mwanzoni, na kipindi hicho nchi nzima inahamia Uludağ na bei zinapanda nayo.

Ukitoka Bursa usirudi Istanbul. Panda basi moja kwa moja hadi Ankara, muda wa saa tano hivi. Istanbul na Ankara zimeachana kilomita 450 hivi, kama Dar na Dodoma. Na utakapofika Ankara utajisikia nyumbani kuliko unavyodhani: Istanbul ndiyo Dar yao, Ankara ndiyo Dodoma yao, mji wa bara uliopewa makao makuu tarehe 13 Oktoba 1923, nusu karne kamili kabla ya sisi kuamua la kwetu mwaka 1973. Na watu wa Istanbul wanaucheka mji huu kama mnavyochekwa huko na watu wa Dar. Wanasema kitu kizuri cha Ankara ni kurudi Istanbul.

Istanbul yenyewe: Topkapı, kasri la masultani, hufungwa Jumanne, Soko Kuu hufungwa Jumapili. Aya Sofya, lile kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, tangu Januari 2024 mtalii analipa euro 25 na kupelekwa roshani ya juu, chini ni kwa wanaoswali. Msikiti wa Buluu hulipi, ila nyakati za sala unasubiri nje. Beba kitambaa cha kichwa chako mwenyewe. Msugua viatu akidondosha brashi mbele yenu, pita, ni mtego wa kuwasugua viatu na kudai pesa.

Kwa vijana wanaokuja kusoma na watasoma barua hii: huo lodos usiuone ni habari ya watalii tu. Vyumba vya bei nafuu vina majiko ya makaa ya mawe yenye bomba la moshi. Ukivuma, unarudisha moshi ndani, na watu hulala wasiamke. Ni kama kulala na jiko la mkaa chumbani huko kwetu. Usiku wa lodos zima jiko, jifunike mablanketi.

---

Kutoka: Kaka wa Stuttgart

Hiyo ya nyama kwa kilo hamkuisema mapema. Naondoa pingamizi.

---

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Kikuyu, Dodoma

Wanangu, tumerudi salama, nalipa deni la taarifa.

Kwanza saa zao ni zetu, hakuna kugeuza. Ila jua ni jingine. Karibu saa mbili asubuhi ndipo linachomoza, na mimi ninayeamka saa kumi na moja nilikaa gizani kwenye kiti cha hoteli kama mlinzi.

Aya Sofya nimelipa euro 25 na nimenung'unika hadi mlangoni. Ndani nikanyamaza. Jengo limekamilika mwaka 537. Nilizoea kuandika ubaoni "kanisa, kisha msikiti" kwa mstari mmoja na mshale, na pale juu nilisimama nikiangalia Kristo wa vijiwe vya dhahabu ukutani huku adhana inaanza. Mshale wangu ulikuwa mfupi mno. Kisima cha chini ya ardhi nacho tulishuka taratibu, nguzo 336 zimesimama majini, mjukuu akataka kuzihesabu. Tuliacha kwenye arobaini na kitu.

Brashi ilidondoka. Nilikuwa nimemwonya mtoto, lakini amelelewa kuokota vitu vya watu wazima, na kabla sijafungua mdomo alishaikimbilia na kumrudishia mzee kwa mikono miwili. Mzee akashukuru, akaanza kumsugua viatu. Viatu vya raba. Nilitoa lira kidogo, nikatoa na maneno ya Kigogo, tukaachana.

Siku ya boti ya kwenda Bursa, lodos. Tulifika bandarini tukaambiwa hakuna kuvuka, na niliwaona Wazungu wakilalamika kama wameonewa wao peke yao. Mimi nikamwambia mjukuu, huyu ndiye yule wa kaka wa Makulu. Tukapanda basi, tukapita lile daraja refu la Osmangazi, upepo unalitikisa basi, nikasali zaburi mbili. Kesho yake teleferik imefungwa, tukashinda Koza Han na Ulu Cami kama tulivyoelekezwa. Mtoto alinuna siku nzima. Iskender ilimnyamazisha kwa dakika ishirini.

Asubuhi ya pili kweupe, shwari kabisa. Tukapanda na teleferik ya kwanza. Miti ilipoanza kuwa nyeupe mjukuu hakusema neno. Alishuka, akainama, akaishika, akailamba, akaniambia, "Bibi, haina ladha." Ndiyo maneno yake yote ya theluji, baada ya miezi minne ya kunisumbua. Halafu akapanda kigari na sikumwona tena hadi njaa. Mimi nilikaa Sarıalan na kilo moja ya kondoo, chumvi nimeibeba kutoka nyumbani, goti nimelinyoosha kwenye kiti cha pili. Familia ya meza ya jirani ikanitazama ninavyogeuza nyama, baba yao akaja kuomba nimgeuzie na ya kwao.

Kaka wa Makulu, majaketi yote mawili ya Sabasaba nimeyafua na yananing'inia nyumbani. Anayesafiri msimu ujao aje Kikuyu ayachukue, ayarudishe. Lile dogo zipu imekufa, niliishonea vifungo.