Wakuu, naombeni ushauri: nataka kupima bawa na sikio la senene kwa mradi wa chuo

Kijana_Nyegezi: Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa mwisho, biolojia. Nataka kuonyesha kwamba viungo vinavyofanya kazi pamoja hugeuka pamoja, kizazi hadi kizazi. Nimechagua senene: dume huimba kwa kusugua bawa la kushoto juu ya la kulia, na masikio yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Mpango ni kununua sado moja sokoni Kirumba, nipime, nichore grafu. Msimamizi kanijibu "fikiria tena", akaingia kwenye gari. Tatizo nini?

MamaSenene: Mwanangu, wa sokoni tumeshawanyonyoa mabawa na miguu! Utapima vichwa? Ngoja msimu, Novemba hivi, uwakamate wazima usiku kwenye taa. Na mwenye kitu kama upanga nyuma ni jike, huo ni wa kutagia. Usimchanganye na madume.

Mbawakavu77: Hata ukiwapata wazima, grafu itapanda vizuri na haitakuambia kitu. Senene mkubwa ana kila kiungo kikubwa. Ondoa kwanza athari ya ukubwa wa mwili, ndipo uone kama bawa na sikio bado vinafuatana. Zito zaidi: hao wote ni spishi moja, *Ruspolia differens*. Hapo unaona tofauti za leo tu, historia ya mageuko huioni. Unahitaji spishi nyingi, nazo zina undugu. Watoto kumi wa baba mmoja wakiwa na pua moja, huo si ushahidi mara kumi. Mwanabiolojia Joseph Felsenstein alilitatua hili mwaka 1985: unalinganisha tofauti kati ya ndugu kwenye mti wa ukoo, badala ya kuhesabu kila spishi peke yake.

Kijana_Nyegezi: Spishi nyingi mkuu, na boom lenyewe, hela ya mkopo wa chuo, limeishia kwenye mihogo?

Mbawakavu77: Basi hamia kwenye mavi ya ng'ombe, hayana bei. Mwanabiolojia Douglas Emlen, 2001, alichunguza mbawakavu wa mavi, jenasi (kundi la spishi ndugu) *Onthophagus*. Pembe ikiota mbele ya kichwa, antena hupungua. Ikiota nyuma ya kichwa, macho hupungua. Ikiota kifuani, mabawa. Viungo jirani vinanyang'anyana chakula mdudu akiwa bado buu. Hapo uhusiano ni wa kinyume, na mimi naona unavutia kuliko huo wako wa kufuatana. Ukubwa wa mwili bado uuondoe, usikwepe.

MamaSenene: Kisesa kuna mazizi mengi. Omba ruhusa kwanza, wenye ng'ombe hawapendi mtu anayechokonoa zizini bila hodi.

Kijana_Nyegezi: Shukrani mama. Glavu nazipata wapi kwa bei ya mwanafunzi?