Mrejesho: huduma ya nyumbani kwa mama aliyepooza, Moshi

Shikamooni wakubwa. Niliuliza namna ya kupata mhudumu wa serikali wa kumfikia mama nyumbani baada ya kiharusi. Imewezekana, ila mlango ni mtaani, si hospitali.

Mwenyekiti wa mtaa anaandika barua ya utambulisho, mtendaji anagonga muhuri, inaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya matibabu bure, lakini barua itaje umri na hali yake, na majina yafanane na ya kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi. Hapo wengi hurudishwa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anakagua, anafundisha, anaelekeza rufaa. Si muuguzi. Kumgeuza mgonjwa kunabaki kwetu, na hapa nawaomba msilegeze: kila saa 2, usiku pia. Usimlaze ubavu mzima. Mwinamishe upande mmoja kama nyuzi 30, mto mgongoni, uzito usikae kwenye nyonga. Mto mwingine uwe chini ya vigimbi, visigino visiguse godoro.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha kiganja makalioni na visiginoni kila unapomgeuza: joto, ugumu au rangi iliyokolea ni kidonda kinaanza. Usipasugue. Na ile kata ya khanga ya kumkalishia iacheni, inabana damu pembeni.