Tupeane uzoefu: ulitokaje kwenye kubeba boksi ukaingia kwenye kazi uliyosomea?

Mzee wa Kijitonyama: Wakuu, habari za jioni. Hapa mtaani kila ukigeuka kuna mtu ana ndugu yake majuu. Shahada imening'inia sebuleni kwa mama, mwenyewe anabeba boksi. Boksi silidharau, linasomesha watoto huku. Ninachouliza: mliorudi kwenye fani zenu mlipitia wapi? Na wageni mliokuja kufanya kazi hapa Dar karibuni pia. Simulia uliyopitia, za "nasikia" kaa nazo. Mawakala wa viza, hapa si pa matangazo.

Nesi wa Temeke: Niko Uingereza, muuguzi mwenye namba ya NMC, lile baraza lao la wauguzi na wakunga. Mtihani wa kwanza ni wa kompyuta, unaufanya kabla ya kusafiri. Kiingereza nilipitia IELTS: 7 kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kuandika. Hapo kwenye kuandika ndipo wengi tunapokwama. Baraza letu la Wauguzi na Wakunga nalo linatakiwa kuthibitisha usajili wako moja kwa moja kwao. Hiyo karatasi ifuatilie ukiwa bado Dar, unapanda daladala unakwenda kuuliza mwenyewe. Ukishaondoka unabaki kumpigia simu mdogo wako, naye ana mambo yake.

Mtihani wa vitendo, OSCE, unafanyika kulekule, una vituo 10. Sindano nimechoma miaka, wala si tatizo. Tatizo ni kuongea! Kwetu wodi imejaa, unamaliza kitanda hiki unahamia kile. Kule unajitambulisha, unamuuliza mgonjwa anapenda kuitwa nani, unaomba ruhusa, unaeleza unachofanya hatua kwa hatua. Ukinyamaza, alama zinaondoka hata kama mkono wako ni mwepesi kuliko wa msahihishaji.

Chizi Maarifa: Kumbe salamu ina maksi. Bibi yangu wa Tanga angeupasua mtihani huo.

Mhandisi Mtoro: Ontario, Canada. Nilisoma ujenzi Mlimani. Kuna jambo linawachanganya wengi, hata waliokwisha kufika. Ile tathmini ya vyeti ya WES, shirika linalolinganisha vyeti vya nje, ni ya uhamiaji. Inasema shahada yako ni sawa na shahada ya Canada, basi. Leseni ya uhandisi ni habari nyingine na ina chombo chake, PEO. Nimekutana na watu wamekaa na ripoti ya WES mkononi wanashangaa hawaitwi kazini.

Zamani PEO walitaka mwaka mzima wa uzoefu wa Canada chini ya mhandisi mwenye leseni. Wakati huo waajiri wengi bila leseni hawakutaki, na bila kuajiriwa huo uzoefu unautoa wapi? Sharti hilo waliliondoa Mei 2023. Uzoefu bado unatakiwa, ila wa Tanzania unahesabika ukiueleza vizuri: mradi gani, ulikokotoa nini, nani alikusimamia. Kwa hiyo wakuu, kabla hujaaga, chukua mawasiliano ya mabosi wako wanaokumbuka kazi yako.

Mimi nilianzia ghalani, kisha nikapata kazi ya kuchora michoro ofisini kwa wahandisi. Jina la mhandisi huruhusiwi kulitumia bila leseni, lakini kufanya kazi chini yao ruksa. Aliyenifikisha hapo ni mwenyeji wa fani yangu niliyeunganishwa naye na TRIEC, shirika la Toronto linalokutanisha wageni wenye taaluma na wazoefu. Hakunipa kazi. Alinifundisha wanavyoongea kwenye usaili, halafu akanitaja kwa wenzake.

Shemeji wa Tabata: Mimi siko majuu, ila CV ya kaka yangu wa Marekani tuliipunguzia hapahapa Tabata kwenye simu, kwa hiyo nina haki ya kusimulia. Ilikuwa na dini, hali ya ndoa, picha, shule ya msingi na "hobi: kusoma Biblia na kutazama mpira". Upwardly Global, shirika linalowasaidia bure wahamiaji wenye elimu, wakamwambia vyote hivyo atoe. Wanataka ulichofanikisha, kwa tarakimu. Kaka akagoma, anaona ni kujisifu. Mama ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, jisifu, huku tutakuombea msamaha."

Mzee wa Kijitonyama: Ujerumani je?

Kasuku wa Upanga: Lugha kwanza, lugha pili. Muuguzi kwa kawaida anatakiwa Kijerumani cha ngazi ya B2, yaani cha kujieleza vizuri kazini, ili atambuliwe. Mimi nilianzia Goethe, kituo cha kufundisha Kijerumani hapa Upanga. Wakiona pengo kwenye masomo yako, unafanya mtihani au mafunzo ya nyongeza huku ukifanya kazi kama msaidizi.

Mganda wa Sinza: Mimi nimekuja kwenu. Mhasibu. Vyama vya uhasibu vya Afrika Mashariki vilisaini kutambuana mwaka 2011, nikajua nimemaliza. Wapi! Kutambuliwa taaluma hakukupi kibali cha kazi. Kibali kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi Uhamiaji, na mwajiri lazima aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wako. Mwajiri asiyejua hilo atakuzungusha mpaka uchoke, kwa hiyo muulize siku ya usaili. Kiswahili changu mnakisoma wenyewe.

Dada Mbagala: Nesi, kuna dalali Kariakoo anataka milioni nane, anasema ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya wauguzi.

Nesi wa Temeke: Usimpe hata mia. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye uhaba wa watumishi wa afya, na waajiri wa kule wamekatazwa kuja kuwasaka wauguzi huku. Wewe kuomba mwenyewe hujakatazwa. Fungua tovuti ya NMC, jaza kwa mkono wako, ada lipa kwao. Ukikwama kwenye fomu niandikie inbox.