Tambi juu ya friji

*Familia ya Babu Kilosa*
Jumamosi

*Shangazi Mwaju, 06:48:* Asalaam aleikum wanafamilia. Salma, naomba uamke.

*Shangazi Mwaju, 06:49:* Jana nimepokelewa vizuri kwako, nashukuru. Asubuhi hii nimeingia jikoni nibandike uji, nikaona beseni juu ya friji limefunikwa chandarua. Nikasema, alaa, tambi hizi. NIKATIA MKONO.

*Idi:* 😂😂😂 Tambi zikaitikia?

*Shangazi Mwaju:* Zinatembea! Na wewe usinicheke, mimi ni dada wa baba yako. Niko barazani, jikoni sirudi.

*Salma:* Shikamoo shangazi. Nisamehe jamani. Hao ni wadudu wangu wa kulishia kuku, hawaumi. Nilisahau kukwambia.

*Shangazi Mwaju:* Marahaba. Mtu husahau kumwonyesha mgeni choo, siyo funza.

*Ba'mdogo Rashidi:* Salma, unafuga funza kwenye nyumba ya kupanga? Mwenye nyumba ana habari?

*Salma:* Siyo funza ba'mdogo. Funza mama yake nzi, anataka uchafu. Hawa mama yao mbawakawa mweusi, wanakaa kwenye pumba kavu za ngano na wanakula hizo hizo wanazolalia. Harufu hakuna. Ukisikia harufu ya mkojo, ujue umewalowanisha mwenyewe.

*Wifi Husna:* Harufu kweli hakuna. Ila lile vumbi lao! Nilisaidia kuchekecha mara moja, nikapiga chafya mpaka magharibi.

*Salma:* Pole wifi. Ni kinyesi chao kile, laini kama mchanga wa pwani. Siku hizi nachekechea nje, kanga puani. Mwenye pumu asisogee, na anayevimba akila kamba asiwashike. Kinyesi chenyewe namwagia mchicha, njooni muone majani yake.

*Shangazi Mwaju:* Mchicha wa jana usiku?

*Salma:* 🙈

*Babu:* 🎤 ujumbe wa sauti (1:34)

*Idi:* Kwa walio kazini: Babu anasema zamani hawakufuga wadudu ndani. Jioni unajaza chungu mabua na mavi ya ng'ombe yenye unyevu, unakifudikiza juu ya tundu la mchwa. Alfajiri unakifunua mbele ya vifaranga, wanagombania. Anauliza Salma amekosa mchwa huko Mbagala?

*Salma:* Shikamoo Babu. Mchwa wapo, wanakula mlango wa mwenye nyumba. Uani kwangu ni zege tupu, chungu nikifudikize wapi? Ndiyo maana nikahamia beseni.

*Ba'mdogo Rashidi:* Haya, tuongee hesabu. Mimi nina kuku mia mbili. Dagaa wa kuku wamepanda, na mzigo wa mwisho nusu ulikuwa mchanga. Nikianza leo na hao wadudu, dagaa naachana nao lini?

*Salma:* Kwa kuku mia mbili, huachani nao. Sikudanganyi. Yai linaanguliwa wiki moja mpaka mbili. Mtoto anakua miezi miwili, mitatu hivi, ndiyo anafika urefu wa kulishia. Halafu wale unaowaacha wawe wazazi wanageuka bundo, kitu cheupe kimejikunja, hakili wala hakitembei, wiki moja au mbili. Ndipo anatoka mbawakawa, naye huyo ndiye atage. Na pumba unanunua: kilo moja ya wadudu inakula kama kilo mbili za pumba.

*Ba'mdogo Rashidi:* Sasa faida iko wapi?

*Salma:* Mimi nina mitetea sita na vifaranga kumi na nne. Vifaranga ndio nawalisha hasa. Kiganja kimoja jioni, wanakuja mbio hata paka akiwepo. Wewe wa mia mbili tafuta wale mabuu wa nzi mweusi mwembamba, anayefanana na nyigu. Wale wanakula mabaki ya sokoni na ndani ya wiki mbili wameshanenepa. Lakini wale hawafai juu ya friji.

*Shangazi Mwaju:* Hata hawa hawafai juu ya friji.

*Wifi Husna:* Na mitetea je, mayai yameongezeka?

*Salma:* Mitetea nawapa kidogo tu, hawa wadudu wana mafuta mengi na chokaa hawana. Ukiwategemea wao peke yao utaokota mayai ganda laini. Chokaa na unga wa mifupa viko pale pale.

*Idi:* Waambie na ya mwezi wa pili.

*Salma:* Idi jamani.

*Idi:* Waambie. Wenzako wajifunze.

*Salma:* Haya. Hawa mnaowaona ni kundi la pili. La kwanza lilikufa lote.

*Salma:* Pumba za ngano ziliniishia, nikachukua za mahindi mashineni, nikawamwagia saa moja jioni. Asubuhi wamepanda juu wote, wanajikunja na kujinyoosha kama wanaungua. Kesho yake weusi. Mwanzo nikadhani wanajivua, maana wanajivua mara nyingi sana, beseni linajaa maganda mtu akadhani msiba. Lakini ganda ni jepesi, ukilipuliza linaruka. Hawa walikuwa wazito, na laini.

*Wifi Husna:* Sisimizi?

*Salma:* Wale walikaa mezani, na miguu ya meza nilishaiweka kwenye makopo ya maji, sisimizi hawapandi. Nikarudi mashineni kuuliza. Yule kijana akasema mahindi yale yalikuwa ya ghalani, yalitiwa dawa ya kuhifadhia. Wadudu ni wadudu, dawa haiulizi huyu ni wa Salma.

*Ba'mdogo Rashidi:* Pole mwanangu.

*Babu:* 🎤 ujumbe wa sauti (0:19)

*Idi:* Babu anauliza hivi: pumba zilizoua wadudu, gunia lililobaki alikula nani?

*Salma:* …kuku Babu. Walikuwa wameshakula siku nne. Hawakufa, lakini nilizitupa zilizobaki, na mayai ya wiki ile sikumpa mtu.

*Wifi Husna:* Wifi, mimi ulinipa trei!

*Salma:* Ile ilikuwa ya kabla wifi, wallahi. Nilihesabu siku.

*Salma:* Tangu hapo pumba mpya haziingii beseni kubwa wala banda la kuku kabla ya mtihani. Nachukua wadudu kumi, nawatia kwenye kopo la jamu na pumba hizo na kipande cha karoti, nawaacha siku tatu nne. Wakiendelea kula, napitisha. Wakijikunja, narudisha gunia. Na karoti ndiyo maji yao, msije mkawawekea kisahani watazama. Kipande kikianza kulegea unatoa, kikiota ukungu utitiri wanaingia na hao hawatoki.

*Ba'mdogo Rashidi:* Hiyo ya kopo la jamu naichukua. Wadudu wenyewe bado nafikiria.

*Shangazi Mwaju:* Na wakitoroka? Unga wangu wa safari uko kabatini hapo hapo.

*Salma:* Plastiki laini hawawezi kuipanda shangazi. Ila unga, kweli, wakiupata wataona wamefika peponi. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko.

*Shangazi Mwaju:* Nimeshauweka chumbani, chini ya mto.

*Babu:* 🎤 ujumbe wa sauti (0:41)

*Idi:* Babu anasema: mwaka huu vifaranga wake wanadumaa na hajui sababu, na pumba anachukua mashine ya pale pale kijijini. Idi na Mwaju mkija Ijumaa mniletee wadudu ishirini. Kumi nijaribie pumba, kumi akiba.

*Salma:* Nitawafungia kwenye kopo la siagi Babu, na karoti ya njiani. Idi, mfuniko nimeutoboa, usiuzibe.

*Idi:* Treni ya umeme wanaruhusu?

*Ba'mdogo Rashidi:* Nani atafungua kopo la siagi?

*Shangazi Mwaju:* Idi, nibadilishie tiketi. Mimi na wewe mabehewa tofauti.