Mnawapataje wadau wa programu ya watoto baada ya shule?

mratibu_mpya
Habari zenu wakuu, naomba mawazo. Tuna programu ya kusoma na hesabu kwa watoto wakitoka shule, siku tatu kwa wiki, na wanakuja wengi kweli ila tuko watatu tu na tunabanana chumba kimoja. Nimepeleka barua maktaba, kwenye makampuni, nyumba za ibada, barua ndefu zenye malengo na kila kitu, wengi kimya, mmoja kajibu "tuko pamoja" mpaka leo sijamuona. Nakosea wapi?

mkutubi
Hongera kwanza, hiyo kazi si ndogo. Mimi ndo napokea hizo barua, na ikiandikwa "tunaomba ushirikiano" mtu hajui afanye nini, anaiweka pembeni. Nenda mwenyewe, uliza wao wanahangaika na nini. Sisi chumba cha watoto kilikuwa kinakaa kitupu jioni na wakubwa wanatudai wasomaji, akaja dada mmoja akasema naomba meza mbili, Jumanne saa kumi mpaka kumi na moja, wiki sita tu. Tukakubali palepale. Sahivi mwaka wa pili na vitabu tunawachagulia wenyewe.

mzazi_mlezi
Mdau sio lazima awe na hela jamani. Mtafiti wa elimu Luis Moll na wenzake kule Arizona, Marekani, waliandika mwaka 1992 jinsi walimu walivyotembelea familia za wanafunzi wakakuta maarifa kibao ya ujenzi, kilimo, biashara, ambayo shule ilikuwa haiyatumii. Kwetu mama mmoja fundi cherehani alikuja na futi kamba na karatasi za kukatia, mtoto aliyekuwa analia akiona hesabu za sehemu akaielewa robo na nusu kwa kupima mkono wa shati. Waulize wazazi wanajua kufanya nini.

nimepitia_haya
Yote sawa ila andikianeni makubaliano na mdau, hata ukurasa mmoja. Funguo anashika nani, nani anabaki mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe, taarifa za watoto anaziona nani, wanaojitolea wachunguzwe kabla ya kuanza na mtu mzima asikae faragha na mtoto peke yao. Sisi tulitegemea neno la meneja, akahamishwa, siku hiyo nafika nakuta watoto wamekaa kwenye ngazi madaftari magotini, mlangoni kuna kufuli jipya. Iliniuma sana. Tangu hapo kila mdau lazima atupe watu wawili wa kuwasiliana nao, na kila mwisho wa muhula tunampelekea mahudhurio na kazi za watoto azione kwa macho. Walimu wao wa darasani pia ongea nao, wanajua mtoto gani kakwama wapi.

mratibu_mpya
Asanteni sana, kesho naenda maktaba kuomba meza, barua naiacha nyumbani. Hiyo karatasi nasaini mimi au kamati?

nimepitia_haya
Mwenyekiti wa kamati yenu na mkuu wa upande wa pili. Nakala moja mpe anayeshika funguo.