Mtoto wa kwanza alipata presha ya mapafu, sasa nina mimba nyingine

Mama Nasra, Mbagala
Habari zenu wapendwa. Nasra wangu alizaliwa ametimiza miezi, mnene tu, ila alikunywa maji machafu ya tumboni, yenye kinyesi chake. Midomo ikawa ya bluu, oksijeni haipandi hata akiwa kwenye mashine. Alipopimwa eko, kile kipimo cha picha ya moyo, daktari akasema moyo umeumbika vizuri, tatizo ni presha ya mishipa ya mapafu haikushuka baada ya kuzaliwa. Leo anakimbiza kuku uani, alhamdulillahi. Sasa nina mimba ya wiki 33. Wifi anasema chanzo ni maji ya barafu na kulala mbele ya feni. Nimeamua kuomba upasuaji wiki ya 37, mtoto atoke kabla hajayanywa tena hayo maji. Mnasemaje?

Sista Mstaafu, Temeke
Mama Nasra, feni haina kosa, bila hiyo Dar hii tutalalaje? Ila huo upasuaji ndio umenishtua.

Mtoto akiwa tumboni hapumulii mapafu, oksijeni inatoka kwenye kondo. Kwa hiyo mishipa ya mapafu huwa imejibana, na damu inayakwepa kwa kupita kwenye tundu katikati ya moyo na kamshipa kanachoiingiza kwenye mshipa mkuu wa mwili. Akizaliwa akalia, hewa inaingia, mishipa inalegea. Kwa watoto kama 2 katika kila 1,000 hailegei, damu inazunguka bila kuchukua oksijeni. Ndiyo maana unaona tunapima oksijeni mkono wa kulia halafu mguu. Mkono ukisoma juu kuliko mguu kwa tofauti kubwa, tunaita daktari mbio.

Maji machafu ni chanzo kikubwa, na mtoto wa hivyo mara nyingi anazaliwa keshachoka. Hatari hiyo inapanda mimba ikipitiliza. Lakini upasuaji kabla ya wiki 39, tena uchungu haujaanza, nao umo kwenye orodha ileile ya vyanzo! Uchungu ndio unaoyaandaa mapafu kukausha maji yake. Unakimbia mlango mmoja unaingilia wa pili. Kama daktari ana sababu nyingine ya kukutoa mapema, hiyo ni habari tofauti.

Mengine ni sukari ya mama, unene uliozidi, pumu, sigara, na maambukizi, hasa chupa ikipasuka ukakaa nyumbani. Kuna na watoto wenye tundu kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, utumbo unapanda kifuani na mapafu hayakui. Hao utrasaundi huweza kuwaonyesha mapema. Baridi inahusika pia, ila ni ya mtoto mwenyewe: akipoa baada ya kuzaliwa mishipa inazidi kujibana. Kwa hiyo akaushwe, avikwe kofia, awekwe kifuani kwako.

Bajaji wa Tandika
Sista, mke wangu ana miezi saba, mgongo unamuua. Duka la dawa wamempa diklofenaki. Ni sawa?

Sista Mstaafu, Temeke
Hapana baba, asimeze. Diklofenaki na brufeni miezi ya mwisho vinaweza kuubana ule mshipa mdogo wa mtoto niliousema, ukafunga kabla ya wakati wake. Tangu 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri ziepukwe kuanzia wiki ya 20. Kwa maumivu, panado kwa kipimo. Ila kama kliniki wamempa aspirini ndogo kwa ajili ya presha, hiyo asiiache.

Mjamzito Kimya
Mimi natumia dawa za sonona, nimesoma zinaleta hili tatizo. Nimeanza kuruka siku.

Sista Mstaafu, Temeke
Mwanangu, usiruke. Kuna aina ya dawa hizo ambazo zikitumika mwishoni mwa mimba zimehusishwa na tatizo hili, lakini matokeo ya tafiti hayakubaliani, na hata zile zilizoona hatari zimeiona ni ndogo. Kuacha ghafla kunaweza kukuangusha vibaya. Nenda na pakiti yako kwa daktari aliyekuandikia, wiki hii hii.

Mama Nasra, Mbagala
Nimekuelewa sista. Kwa hiyo huyu naye atapata?

Sista Mstaafu, Temeke
Kunywa maji machafu si ugonjwa wa ukoo. Ila usijifungulie zahanati. Chagua hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, uwaonyeshe karatasi ya ruhusa ya Nasra mapema. Unayo bado?

Mama Nasra, Mbagala
Ipo kwenye begi la kliniki, imelowa chai kidogo lakini inasomeka.